Kitambaa cha Mwisho Kabla ya Rangi

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya maji, kipande cha msasa, na mlango wa gari usio na gari. Ilikuwa mwaka 1971. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka sekondari kabla ya kumaliza, na ndoa yangu ilikuwa na mwezi mmoja. Nilidhani mume wangu Marijani ananipeleka kuwasalimia wakubwa zake. Kumbe nyuma ya nyumba ya baba yake mkubwa, pale Arua mjini, watu walikuwa wanapaka magari rangi, na mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva kilichong'olewa, mlango umeegemezwa mbele yake kama mgonjwa.

"Wewe iko nani?" aliniuliza.

"Mimi bibi ya Marijani."

"Bibi ya Marijani iko na kazi gani?"

"Bado sijapewa, mzee."

"Basi leta mkono."

Huyo alikuwa Fundi Mkuu, bosi wangu wa kwanza. Alinishika kiganja, akakigeuza, akakitazama kama mtu anayenunua muhogo, kisha akakibandika juu ya ule mlango. "Sugua. Jua ikifika hapa," alisema akionyesha paa, "nitauliza mkono yako imesikia nini."

Ninaandika haya nikiwa mstaafu. Najua mtacheka: mstaafu gani wa miaka ishirini na sita, tena mwenye mtoto anayenyonya? Chekeni. Kazi yangu imekwisha, na mtu ambaye kazi yake imekwisha ni mstaafu, awe na mvi au asiwe nazo. Ninyi mnaopaka magari leo kwa brashi na rangi ya madirisha, someni mjue kazi hii ilivyofanywa nyumbani kwetu, Arua na baadaye Koboko. Na mjue pia kwamba kwa miaka minane nilitaka kitu kimoja tu. Sitawazungusha. Nilitaka kushika bomba.

Bomba ni kile chombo cha chuma kinachopuliza rangi. Kina kikombe cha rangi, kina kichocheo cha kidole, na kina mpira mrefu unaokwenda hadi kwenye kompresa, yaani pipa la upepo linalojazwa na injini ndogo ya petroli. Anayeshika bomba anaitwa fundi. Anayesugua haitwi kitu. Mwenye gari akija kulichukua, hutazama mng'ao, hupiga mluzi, na humpa mkono aliyepuliza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, "Nani alisugua?" Sasa mnaelewa hasira yangu inaanzia wapi.

Fundi Mkuu alikuwa anasema, "Rangi hapana ficha kitu. Rangi inatangaza." Alisema kweli. Kwanza kutu inakwanguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe. Palipobonyea panajazwa pati, ambayo ni kama ugali mzito unaokauka ukawa jiwe. Pati inasuguliwa kwa msasa na maji, na msasa lazima ufungwe kwenye kibao kilichovalishwa mpira wa ndani wa baiskeli, maana ukisugua kwa vidole vitupu unachimba mifereji. Halafu inakuja praima, rangi ya chini, ya kijivu, isiyo na uzuri wowote. Unaisugua tena. Unaiweka tena. Unaisugua tena. Mtu asiyependa kurudia kitu asiingie kazi hii, akauze nyanya.

Mimi nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho. Nilikulia Manibe, na kwetu Manibe msichana anafundishwa kukandika sakafu kabla hajafundishwa kupika. Mama yangu alikuwa anafumba macho, anapitisha kiganja kwenye udongo mbichi, na anajua pa kuongeza na pa kupunguza. Ule mlango wa kwanza nilifanya vilevile. Nikafumba macho. Jua lilipofika kwenye paa, Fundi Mkuu alikuja.

"Mkono imesikia nini?"

"Hapa iko bonde, mzee. Na hapa mulima kidogo."

Akapitisha kiganja chake. Akapitisha tena. "Nani alifundisha wewe?"

"Sakafu ya mama."

Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Lakini tangu siku ile hakuna gari lililopata rangi kabla sijafumba macho juu yake. Na mimi ndiye niliyeleta desturi ya unga wa makaa: unasaga mkaa mkavu, unapaka kitambaani, unapangusa juu ya praima mpaka gari lote liwe jeusi, kisha unasugua. Palipo juu panakuwa peupe, palipo chini panabaki peusi. Hata asiye na kiganja anaona. Marijani akawafundisha mafundi wengine desturi hiyo mjini. Alisema ni yake.

Wahindi walipofukuzwa Uganda, maduka ya rangi na msasa yalifungwa, na kazi ikawa ya akili. Karatasi ya kunata ya kufunikia vioo haikupatikana tena, tukawa tunabandika magazeti kwa uji wa muhogo. Rangi tulivuka kuitafuta Zaire, kwenye makopo yaliyobonyea pande zote. Muuzaji mmoja wa huko aliniapia, "Mama, rangi ni muzima. Kopo ndiyo iko mugonjwa." Msasa ukiisha makali tuliutumia bado, kwa kazi ya mwisho. Hakikutupwa kitu.

Sheria ya siku ya kupuliza haikubadilika kamwe. Asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaamka, uwanja unamwagiwa maji ili vumbi lilale. Kuku wanafungwa. Hakuna kufagia, hakuna kutwanga, hakuna kukaanga. Na hakuna mafuta kwenye ngozi ya mtu yeyote: si ya simsim, si ya nywele, si ya kitu chochote. Mikono inaoshwa kwa sabuni na majivu. Kwa sababu rangi ikikutana na mafuta inayakimbia, inajifungua vishimo vidogo vya mviringo. Tunaviita macho ya samaki. Ndiyo maana kuna kitambaa cha mwisho. Mwandaaji anachukua kitambaa safi, anakilowesha thina kidogo, yaani yale maji makali ya kuyeyushia rangi, anafuta gari lote kutoka juu mpaka chini, na baada ya hapo hakuna mtu wa kuligusa. Kitambaa cha mwisho kilikuwa changu. Fundi Mkuu alisema mbele ya watu: "Macho ya samaki ikitoka, mimi hapana uliza aliyepuliza. Nitauliza aliyefuta."

Tena alisema jambo jingine, na hilo nililishika zaidi. Alisema, "Ya binti," yaani ewe binti, "mkono yako inasikia. Siku moja itashika bomba."

Macho yake yalipoingia ukungu, aliamua kupumzika. Alituita uwanjani, akalifunga bomba kwenye gazeti, akampa Marijani. Nilimtazama tu. Akaona, au akasikia, sijui.

"Wewe iko na mimba," aliniambia.

"Mimba iko tumboni, mzee. Haiko mkononi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na bomba likaenda.

Mwaka 1975 tulihamia Koboko. Bosi wangu wa pili alikuwa Afisa wa Magari wa serikali, mtu mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Magari ya idara yake yaliletwa kupakwa uani kwetu. Siku ya kwanza alizunguka Landrova moja tuliyomaliza, akainama, akanusa kabisa, akasema, "Mimi hapana taka muzuri. Muzuri iko kila mahali. Mimi nataka muzuri mpaka adui yangu akasirike." Nilimpenda kwa neno hilo.

Landrova ya pili ilikuwa na rangi ya buluu iliyochujuka, na hakuna kopo lililofanana nayo. Jirani yetu mmoja, mjane kijana aitwaye Zamzam, alikuwa anasuka sinia na mikeka ya ukindu wa rangi, kama wanawake wa kwao Wanubi. Marijani akamwita atazame. Zamzam alitazama ile buluu, akasema, "Hii ina kijani ndani, kidogo kama chozi, na ina nyeupe ya maziwa iliyolala." Wakachanganya. Wakapuliza pembeni. Hukuweza kuona mahali pa zamani na papya panapokutana.

Alikuja kutazama rangi, akabaki kwa nikaha. Sitasema mengi. Aliyewahi kuwa mke wa kwanza anajua, na asiyejua amshukuru Mungu wake. Tukagawana zamu: siku zangu napika mimi na Marijani analala kwangu, siku zake vilevile. Ningeweza kuzoea. Kitanda ningemwachia, hata heshima ya mke mkubwa. Lakini nilikuwa namnyonyesha mwanangu wa kwanza, Sauda, na Marijani akasema harufu ya thina itaingia kwenye maziwa. Yeye mwenyewe mgongo ulikuwa unamsumbua kuinama. Akampa Zamzam bomba, "siku mbili tu, mpaka mgongo utulie."

Siku mbili hizo zilikuwa na urefu wa miaka mitatu.

Na jambo baya kuliko yote nitaliandika, maana nimeahidi kusema wazi: alikuwa fundi kweli. Umbali wa bomba na chuma ni shibiri moja. Yeye hakuongeza, hakupunguza. Wengine wanazungusha mkono kama wanafukuza nzi, rangi inakuwa nene katikati na nyembamba pembeni. Yeye alitembea na mkono, mwili mzima ukienda nao, na kila mstari ulifunika nusu ya mstari uliotangulia, kama anasuka. Rangi haikumwaga machozi hata siku moja, yaani ile michirizi inayotiririka ukipuliza nyingi. Nilikuwa nasimama pembeni na ndoo yangu, mtoto mgongoni, natafuta kosa. Miaka mitatu natafuta. Marijani anapiga mluzi, wenye magari wanampa mkono, yeye anasema, "Salimieni na Mama Sauda, yeye ndiye ametengeneza." Hata hilo lilinichoma. Ningependa asinitaje, nimchukie vizuri.

Sasa nifike kwenye Pijo nyeusi.

Ilikuwa gari la Afisa wa Magari mwenyewe, na binti yake alikuwa anaolewa Jumapili. Gari litambeba bibi arusi. Tena alisema, "Hii ikitoka vile nataka, magari yote ya idara inakuja hapa, na anayeshika bomba nitaandika yeye fundi wa serikali." Nikamwambia Marijani nampa siku tatu za kufikiri: Sauda ameacha ziwa, maziwa hayana kisingizio tena, bomba liwe langu. Alifikiri kwa muda wa kumaliza chai. "Nyeusi iko ngumu, Mama Sauda. Wacha Zamzam afanye hii. Ingine, wewe."

Nyeusi ni ngumu kweli. Inaonyesha kila kitu. Nililisugua gari lile kama sijawahi kusugua. Praima mara tatu, unga wa makaa mara tatu. Ijumaa asubuhi nikamwaga maji uwanjani, nikafunga kuku, nikafuta kwa kitambaa cha mwisho. Lilikuwa tayari.

Usiku uliotangulia ulikuwa zamu ya Zamzam. Kwao mke akiwa na zamu hukaa juu ya moshi wa kuni za mgunga, kisha hujipaka mafuta ya simsim yaliyochemshwa na karafuu na manukato mpaka anukie hadi barabarani. Asubuhi alikuwa ameoga, ameosha mikono kwa sabuni na majivu; nilimwona mwenyewe. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, alikuwa amesaidiana na Marijani kubeba kompresa, jasho likamtoka, na mafuta ya mabegani yakateremka pamoja na jasho, kiwikoni, mpaka kiganjani. Akaja mbele ya gari. Akaweka kiganja chake chote juu ya boneti.

"Ya Mama Sauda," alisema, "hii umelainisha kama shavu ya mutoto."

Akaondoa mkono, akaenda kuchuja rangi.

Alama ilibaki. Si kila mtu angeiona, lakini mimi niliinama kidogo kinyume na mwanga nikaiona: kiganja na vidole vitano, vinang'aa kidogo kuliko praima. Kitambaa kilikuwa begani kwangu. Thina ilikuwa miguuni kwangu. Kufuta ingekuwa kazi ya pumzi moja.

Sikufuta.

Zamzam akavaa kitambaa puani, akabonyeza kichocheo. Paa likatoka jeusi kama maji ya kisima. Milango ikatoka. Alipofika kwenye boneti, akapita mara moja, akapita mara ya pili, na mbele ya macho yetu rangi ikaanza kujifungua. Kishimo, kishimo, kishimo. Kikatokea kidole. Kikatokea cha pili. Mpaka mkono mzima wa mwanamke ukawa umelala juu ya gari la bibi arusi, umejaa macho ya samaki.

Marijani alizima kompresa. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. "Mkono ya nani hii?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo. Lakini alikuwa anajua sheria ya Fundi Mkuu kama mimi, na alipouliza alinitazama mimi, si Zamzam. Aliyefuta.

Zamzam akasogea, akaweka kiganja chake hewani juu ya ile alama, shibiri moja, kama anavyoshika bomba. Kilitosha vidole vyote. "Iko yangu," alisema. "Mama Sauda amefuta, kisha mimi nimegusa. Hapana uliza yeye."

Marijani akamwambia maneno ambayo sitayaandika, akaenda barabarani kutuliza kichwa. Tukabaki wawili. Zamzam akaketi kwenye ndoo yangu iliyogeuzwa, akajinusa mkono.

"Uliona," alisema.

"Niliona."

"Na ukaacha."

"Nikaacha."

Akatikisa kichwa polepole. "Haki ya Mungu, mimi ningefanya hivyo mwaka wa kwanza. Wewe una subira." Halafu akaanza kucheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kidogo kabla sijajizuia.

Tuliondoa rangi ya boneti kwa thina, nikafuta, nikasugua, nikaweka praima, nikasugua tena, siku ile yote na asubuhi ya Jumamosi. Alisugua pamoja nami. Alisugua vibaya, kwa vidole, nilimrekebisha. Boneti lilipokuwa tayari, alioga upya, akajisugua majivu mpaka mabegani, akalichukua bomba, akaja mbele yangu na kuninyooshea.

"Shika wewe, dada. Mimi nitafuta."

Lilikuwa hapo. Mpini ulikuwa umeelekea kwangu. Miaka yote ile nilikuwa nimelingoja, na nilijua shibiri, nilijua kutembea na mkono, nilijua kila kitu kwa macho.

Nikakataa.

Nilikataa kwa sababu ni yeye aliyenipa. Angenipa Fundi Mkuu, ningelia kwa furaha. Angenipa Marijani, ningemsamehe nusu ya makosa yake. Lakini kulipokea kutoka mkononi mwake, tena baada ya kunifichia aibu yangu, niliona heri nibaki na ndoo. "Puliza," nilimwambia, "bibi arusi hangoji." Nikafuta. Nilifuta mara mbili. Akapuliza, na boneti likatoka jeusi, na Jumapili Afisa wa Magari alizunguka gari lile akiwa na funguo zake, akainama, akanusa, akampa Zamzam mkono. Mimi akanipa soda.

Wivu ni hivyo. Unakunyima kitu, halafu wenyewe unakukataza kukipokea unapopewa. Msione aibu kusoma. Mimi sikuona aibu kuandika.

Magari ya idara yalikuja, ndiyo, mpaka vita ilipokuja mwaka huu wa 1979. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama Manibe kungoja kujifungua, nikajifungua huyu wa pili katika hospitali ya Kuluva. Nilipotoka hospitali, habari zikawa Koboko imekimbia. Marijani na Zamzam walivuka Sudan, wakambeba Sauda maana alikuwa nao. Nalia kwa ajili ya Sauda kila siku, na najua, kwa hasira, kwamba analishwa vizuri na kusukwa nywele vizuri, kwa sababu mwanamke yule hafanyi kitu vibaya isipokuwa kusugua.

Wiki mbili baadaye mtu wa baiskeli alifika Manibe na furushi. Alisema alipewa njiani na mwanamke aliyekuwa anakwenda kwa miguu, na mwanamke huyo alisema, "Mpe Mama Sauda, hata kama hataki." Nikafungua. Lilikuwa bomba. Limesafishwa, kikombe kikavu, tundu halina hata punje ya rangi. Na lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cha pamba cheupe, kilekile tulichofutia magari.

Nilikinusa kitambaa. Vitu vyote vya Zamzam vilinukia yale mafuta: nguo, mikeka, hata pesa akikupa sokoni. Kitambaa kile kilinukia majivu na jua. Alikuwa amekifua mpaka hakuna mafuta hata chembe, mtu aliyekuwa anakimbia vita.

Basi bomba ni langu sasa, na hakuna kompresa, wala rangi, wala magari yanayokuja uani kwa mama. Limening'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mtoto. Kila Ijumaa nalifungua, nachokonoa tundu kwa unyoya wa kuku, nalikausha, kwa sababu bomba lisilosafishwa linakufa. Mama ananiuliza namtunzia nani. Namwambia najitunzia mwenyewe.

Lakini kitambaa sijakitumia. Nimekikunja peke yake ndani ya gazeti. Siku Zamzam atakapoingia kwenye uwanja huu akiwa amemshika Sauda mkono, nitamkumbatia mtoto kwanza. Kisha nitamwambia huyo mwingine anyooshe viganja, nivikague kinyume na mwanga, mbele na nyuma, mpaka kiwikoni. Vikiwa safi, nitampa kitambaa.

Na mimi nitashika bomba.